Safu ya Sita

Perth Amboy, New Jersey
17 Februari 1985

Kwako Dada Genia,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Stas na wote wa hapo Nanticoke. Mwili wangu hauna neno, namshukuru Mungu. Goti lako je? Barua yako ilisema daktari amekupa fimbo nawe umeitundika nyuma ya mlango kama mwavuli. Itumie, dada, hakuna anayekutazama. Na kifua cha shemeji kinaendeleaje na baridi hii? Makaa aliyoyachimba miaka ishirini na minane bado anayakohoa, lakini mwambie asiache kwenda kliniki kwa sababu tu amejisikia nafuu wiki moja. Huku theluji imekaa tangu sikukuu ya Mishumaa mwanzoni mwa mwezi, imekuwa nyeusi kandokando ya barabara.

Keki ya mbegu za popi imefika salama. Nilikata kipande kimoja, nikakila nimesimama jikoni, halafu iliyobaki nikampelekea jirani. Si kwamba haikuwa tamu. Nilikuwa nimekwisha kuisoma barua iliyokuwa ndani ya kifurushi, na sikuona kama nina haki ya kula kitu kilichotoka mikononi mwako.

Uliandika kwamba Teddy amekaa nyumbani tangu Novemba, hatafuti kazi, na kila ukimuuliza anajibu kwamba amechoka na mji. Ukasema umemwambia wazi kwamba amekutia aibu: mama yake mdogo amemtafutia kazi, amempa chumba, amemnunulia viatu vya ofisini, naye akaharibu kazi kwa uzembe akarudi na masanduku mawili. Ukaniomba nimsamehe. Dada, hilo neno la msamaha nimelisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Sasa naomba ukae chini, uweke hiyo miguu juu ya kigoda, unisikilize mpaka mwisho.

Unajua kazi yangu, lakini sidhani niliwahi kukueleza kwa nini niliipenda. Kampuni ya simu ina wateja wagonjwa. Daktari huandika cheti kwamba mtu fulani ana ugonjwa wa moyo, au anapumua kwa mashine, na simu yake isinyamaze hata saa moja. Mafundi wanapobadilisha kebo mtaani, nyumba za hao wagonjwa hushughulikiwa kwanza, fundi akiwa amesimama mlangoni. Orodha hiyo ilikuwa mikononi mwangu kwa miaka kumi na tisa. Droo sita za kadi, watu elfu moja na zaidi. Kila Januari niliwapigia mmoja mmoja kuuliza kama cheti bado kipo. Mafundi wakitaka jambo lolote waliambiwa, muulizeni Mina. Niliisikia hiyo kauli kila siku, nami nilijifanya inanichosha.

Teddy alipomaliza chuo mwaka jana na kuja kukaa kwangu, nilifurahi kweli, usifikiri vinginevyo. Nilimpeleka mwenyewe kwa mkuu wetu, Bwana Haverkamp, nikamwambia huyu ni mtoto wa dada yangu, ana kichwa chepesi. Mezani kwangu niliweka picha yake ya kumaliza shule. Rosalie Iannuzzi, yule mwenzangu wa meza ya pili ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alisema nimeanza kutembea kama kuku mwenye kifaranga kimoja. Nilicheka naye.

Mwezi wa Mei ikaja kompyuta mpya. Kadi zangu zote zilipigwa chapa zikaingizwa humo, zikawa faili la maandishi matupu, refu kama barabara ya kwenda Scranton. Kila mteja mstari wake. Kila mstari umekatwa vipande kwa nukta mbili, na kila kipande wanakiita safu. Safu ya kwanza namba ya simu, ya pili jina, ya tatu mtaa, hivyohivyo mpaka mwisho. Safu ya tano ni namba ya kebo anayotumia mteja sasa. Safu ya sita ni kebo aliyokuwa nayo zamani, kabla hajahamishwa; asiyewahi kuhamishwa ana namba ileile katika zote mbili. Safu ya saba, kama mtu ni mgonjwa, ina herufi M ya matibabu. Tafadhali uzishike hizo mbili, ya tano na ya sita.

Tulipelekwa mafunzo ya wiki mbili. Mwalimu alikuwa kijana mwenye tai iliyolegea, akizungumza huku ametugeuzia mgongo. Alitufundisha kuandika amri fupi kwenye faili dogo, ile mashine ikausoma kila mstari, ikatazama safu unayoitaka, na kama kilichomo kinalingana na unachotafuta ikakuchapia. Mimi nilitoka kila siku na kichwa kinaniuma. Nikiacha alama moja ya mabano, skrini inaninyamazia au inanitupia neno la kosa. Teddy alitoka akiimba. Wiki ya tatu alikuwa anawafundisha wengine.

Siku iliyoniumiza ilikuwa katikati ya Julai. Bwana Haverkamp alitaka orodha ya wagonjwa wa mitaa inayopakana na reli. Mimi nikavuta droo, nikavaa miwani, nikajipangia siku zangu nne kama kawaida. Teddy akaja akaniambia taratibu, mama mdogo, hebu acha kwanza. Akaandika mistari minne. Kahawa yangu ilikuwa bado inatoa moshi wakati printa ilipoanza kulia. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mashine haina macho, lazima tulinganishe na orodha niliyoitengeneza mwenyewe mara ya mwisho mafundi walipopita mitaa hiyo. Tukalinganisha. Yake ilikuwa na watu watatu ambao yangu haikuwa nao. Vyeti vyao vilikuwepo siku zote. Mimi niliwaruka.

Hakunitangaza, dada. Aliniinamia akaninong'oneza kwamba labda kadi ziligandana. Lakini Bwana Haverkamp alikuwa amesimama nyuma yetu. Akaichukua karatasi, akamgonga Teddy begani, akasema hiki ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwaka uliopita. Na Rosalie, bila nia mbaya, akanitupia maneno kutoka mezani kwake.

"Mina, kifaranga kimekumeza mzima, hata manyoya hayakubaki."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikairudisha droo yangu mahali pake.

Sasa nikuambie jinsi wivu unavyoishi nyumbani, kwa sababu wewe ni mtu ambaye hukuumbwa nao. Nilianza kuhesabu mambo. Mafundi sasa walikuwa wakipita meza yangu bila kusimama, wanakwenda kwake. Nilijua nani amesimama kwake na kwa muda gani. Nilichukia namna anavyoumega mkate. Jumapili akikupigia simu, nikisikia anavyocheka nawe, nilifungulia maji ya sinki kwa nguvu nisisikie. Miaka yote niliona mume sikupata, mtoto sikupata, lakini kuna mahali pamoja ambapo nikikosekana pataonekana pengo. Ukapata vyote viwili wewe, na yule uliyempata akaja kukalia hata hicho kiti changu kimoja. Naandika haya jinsi yalivyokuwa, bila kuyapamba.

Naye hakuwa na habari, au alikuwa nayo akajaribu kuniponya. Jioni baada ya kula aliweka karatasi mezani, akachora safu kwa penseli, akasema, mama mdogo, sahau mashine, jifanye unamtuma mtu mmoja mtiifu sana lakini asiye na akili hata kidogo, utamwambia nini? Nilijibu kwamba kichwa kinaniuma, nikaenda kulala mapema.

Uongo ule ulikuwa na uongo mwingine ndani yake. Tangu Agosti nilikuwa naingia ofisini kabla ya kila mtu. Nilikuwa nasaini kitabu cha mlinzi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nakaa mbele ya skrini na kitabu cha maelekezo, nafanya mazoezi. Sikutaka mtu ajue. Nilitaka siku moja niandike kitu kizima, kisicho na kosa, mbele ya wote, na nyuso zao zigeuke. Niliharibu kila nilichogusa. Mpaka Oktoba sikuwa na hata amri moja niliyoiandika ikakubali.

Oktoba hiyo Teddy alipewa usimamizi wa orodha zote, na meza ya dirishani. Wiki hiyohiyo ikatangazwa kazi kubwa: mtaa mzima wa Wahungari, chini kuelekea mto, utahamishiwa kebo mpya siku ya Ijumaa. Teddy alikuwa na ile amri yake ya wagonjwa: ukitaja namba ya kebo, inatafuta kila mstari ambao safu ya tano ina namba hiyo na safu ya saba ina M.

Jumanne asubuhi niliifungua. Nilifuta tano, nikaandika sita.

Ndiyo, dada. Ni mimi. Mtoto wako hakuzembea. Tarakimu moja tu, na ile mashine iliyokuwa ikinikatalia miezi mitatu ikaikubali bila neno. Nilijua maana yake: sasa itawatafuta watu kwa kebo yao ya zamani, na yeyote aliyehamishwa mwaka uliotangulia hataonekana. Orodha itatoka, itapendeza macho, lakini itakuwa na matundu.

Nilikuwa na mpango, na niliuona mpango mdogo. Nilijua Teddy ataniomba nilinganishe na kadi, kwa sababu hakuwahi kutoa orodha bila kuniomba. Ningewakuta waliokosekana, ningeingia nao kwenye kikao cha Alhamisi, ningezipanga kadi moja moja mezani mbele ya Bwana Haverkamp. Basi. Wangesema, muulizeni Mina. Ijumaa mafundi wangekwenda na orodha kamili, na mtu asingedhurika.

Kweli aliniomba. Kweli niliwakuta: orodha yake ilikuwa na watu thelathini na mmoja, droo zangu thelathini na wanane. Kadi saba nikazitia kwenye mkoba.

Alhamisi tulipokaa, kabla sijafungua mdomo, Bwana Haverkamp alitangaza kwamba droo zangu zitashushwa ghorofa ya chini Jumatatu, na kwamba hii itakuwa mara ya mwisho kwa mtu kulinganisha kwa mkono. Akanishukuru kwa miaka yangu kwa sauti ile ile wanayomsomea marehemu. Wakapiga makofi. Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Ndipo Teddy akanigeukia.

"Mama mdogo, zimelingana?"

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Nikamtazama alivyokaa pale dirishani.

"Zimelingana," nikasema.

Nilijiambia nitamweleza baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula kililetwa kijikeki cha kumpongeza. Nikajiambia, nitamweleza nyumbani. Nyumbani alinipikia pierogi, zile zetu za unga zilizojazwa viazi na jibini, akaniambia kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kuwa kila jina kwenye orodha ni mtu aliyelala mahali. Nikala, nikaosha sahani, nikaenda kulala. Ijumaa saa tatu asubuhi kebo ilikatwa.

Katika wale saba, sita walipata bahati. Wa saba alikuwa Bi. Ilonka Szabados, mwenye ugonjwa wa moyo na shinikizo la damu. Aliishiwa nguvu za upande mmoja akiwa anapanga sahani. Mumewe, Bwana Gabor, mzee wa miaka sabini na tisa, aliinua simu, kimya. Akaenda kwa jirani, simu ya huko nayo kimya. Akatembea mpaka kituo cha zimamoto akiwa na ndala. Madaktari walisema muda uliopotea ndio uliochukua mkono wa kulia wa Bi. Ilonka na maneno yake. Yu hai. Anasema maneno mawili tu, na moja si la Kiingereza.

Jumatatu tuliitwa. Teddy alikuwa amekwisha kuifungua amri yake akaiona ile sita. Bwana Haverkamp alimuuliza nani ameigusa. Akajibu kwamba ni yeye, alikuwa akijaribu kitu akasahau kurudisha. Akaulizwa kama hakulinganisha na kadi. Akasema hakunipa muda wa kutosha. Mimi nilikuwa nimekaa umbali wa kiti kimoja. Nikamwacha aseme. Aliandika barua ya kuacha kazi mchana uleule.

Nilijidanganya kwamba hajui. Nilimsindikiza kituo cha basi, nikambebea sanduku moja. Basi lilipokuwa linapakia, alinishika mkono akaniambia jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo.

"Ile sita uliiandika sawasawa, mama mdogo. Ni mara ya kwanza hukukosea hata alama moja."

Nilimwangalia usoni nikitafuta dhihaka. Haikuwepo. Baadaye nikaelewa: faili hukumbuka siku na saa lilipoguswa mara ya mwisho, na ni mtu mmoja tu aliyekuwa ofisini saa ile. Alijua tangu Jumatatu asubuhi. Aliwafunika macho kwa ajili yangu, kisha akarudi kwako, akakusikiliza ukimgombeza miezi mitatu, akasema amechoka na mji.

Nami nikakaa kimya miezi mitatu hiyo. Tena nikuambie lililo baya kuliko yote: meza ya dirishani nilipewa mimi. Niliikalia.

Barua yako ilinifikia Ijumaa ya tarehe nane. Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Haverkamp nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatabasamu kwa huruma. Akasema anaelewa nampenda mtoto wa dada yangu na nataka kulisafisha jina lake, lakini nisimdanganye mtu mzima.

"Mina, wewe hujui hata kuiwasha hiyo mashine."

Nikamwomba tuende. Nilikaa kwenye skrini, yeye amesimama nyuma yangu, Rosalie na wengine wameacha kazi wanatazama. Nikaifungua amri, nikafuta tano, nikaweka sita, nikaitia namba ya kebo ya siku ile, juu ya nakala ya faili la Oktoba. Watu thelathini na mmoja. Nikafuta sita, nikarudisha tano. Thelathini na wanane. Nyuso zote ziligeuka, kama nilivyokuwa nikiomba tangu Agosti, na Rosalie, ambaye hakosi la kusema, alirudi mezani kwake akakaa.

Nimefukuzwa, na ni haki yangu. Kuna mwanasheria wa kampuni atakayeniita, na nitakwenda. Nilikwenda pia kwa Bwana Gabor Szabados. Nilimwambia jina langu mlangoni. Akauliza kama mimi ndiye yule bibi wa kila Januari, anayepiga kuuliza habari za cheti. Nikasema ndimi. Nikamwambia na lililobaki. Akaniuliza kama nina ndugu. Nilipomjibu kwamba ninaye dada, akasema niende nikamwambie yeye, kwa sababu yeye Gabor hana pa kuliweka. Akafunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Bwana Haverkamp kwa Teddy. Anamwomba radhi na kumwomba arudi. Kama atarudi au hatarudi, msimsukume. Chumba cha kwangu kipo, lakini najua hatakitaka, na nimemuulizia kwa Rosalie, ana chumba juu.

Nisingependa uniandikie kwamba yamekwisha. Hayajakwisha. Hata sasa hivi ninapoandika, nawaza kwamba utaisoma hii huku yeye yuko chumba cha pili, utamwita, atakuja, mtalia pamoja, na ule wivu unaamka tena. Nimeufahamu sasa, angalau haujifichi tena kwa jina jingine. Wewe mwombe radhi kwa maneno uliyomwambia kwa ajili yangu. Ya kwangu nitamwomba mwenyewe, nitapiga Jumapili, na asipotaka kuinua simu usimlazimishe.

Nisalimie shemeji, mwambie nasikitika kwamba nimelifikisha jina la nyumba yetu hapa. Msalimie padre, na jirani yako Bi. Wladzia na wajukuu wake. Jikinge baridi, na fimbo uitumie.

Ukimaliza kusoma, mpe Teddy naye aisome, mstari kwa mstari. Kama kuna mahali nimejipunguzia kosa, yeye ndiye atakayekuonyesha.

Mimi mdogo wako,
Wilhelmina